Kabla ya Kununua Nyumba: Mambo ya Kukagua Kuanzia Hati Hadi Paa

Kwa familia nyingi, nyumba ni ununuzi mkubwa kuliko wote utakaofanywa maishani. Fedha yake hutoka katika kiinua mgongo cha mstaafu, mauzo ya mazao ya misimu kadhaa, mkopo unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka mingi, au michango ya ndugu waliokubaliana kumsaidia mwenzao apate pa kuishi. Pamoja na uzito huo, wapo wananchi wanaotumia muda mwingi zaidi kumkagua ng'ombe mnadani kuliko kuikagua nyumba wanayotaka kuinunua. Huizunguka mara moja, wakasifu rangi na vigae, kisha wakaanza kuzungumzia bei.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyachunguza kabla ya kutoa fedha, na ofisi zipi za umma zinaweza kumsaidia katika kila hatua.

Kwa nini ukaguzi utangulie malipo

Katika mauziano ya nyumba, wajibu wa kuchunguza kile kinachonunuliwa humwangukia kwanza mnunuzi. Akishalipa na kukabidhiwa funguo, kasoro ambazo angeweza kuziona kwa kuangalia zinakuwa mzigo wake. Kumrudia muuzaji humlazimu kuthibitisha kwamba alidanganywa, na jambo hilo linaweza kumpeleka katika baraza la ardhi au mahakamani kwa muda mrefu, huku nyumba ikiendelea kuvuja.

Arbuni nayo ina hatari yake. Mtu akishatoa sehemu ya fedha ili nyumba isichukuliwe na mwingine, hupoteza uhuru wa kukataa. Hata akiuona ufa, hujifariji kwamba ni mdogo, kwa kuwa fedha yake tayari iko kwa muuzaji. Utaratibu ulio salama ni kukagua kwanza nyaraka, kisha mahali, kisha jengo lenyewe, na malipo yafuate baadaye. Muuzaji mkweli hana sababu ya kuukataa utaratibu huo. Anayeharakisha kwa kudai kwamba wanunuzi wengine watatu wako njiani anastahili kuchunguzwa zaidi.

Haki ya kuuza

Jengo imara lililonunuliwa kwa mtu asiye na haki ya kuliuza ni hasara kamili. Swali la kwanza, basi, ni la umiliki.

Ikiwa kiwanja kimepimwa na kina hati, mnunuzi aombe nakala ya hati hiyo na kufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi unaonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa miliki uliobaki, na iwapo kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Hati iliyo mkononi mwa muuzaji haitoshi peke yake: inaweza kuwa ya kughushi, na hata iliyo halali haionyeshi lazima mambo yaliyosajiliwa hivi karibuni. Jina lililo kwenye hati lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji.

Ikiwa nyumba iko katika ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hapo mnunuzi aangalie kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na uhamisho wa haki hiyo upate kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa kiongozi mmoja, bila kikao wala kumbukumbu zake, haumlindi mnunuzi.

Jambo la pili ni ridhaa ya mwenzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi asiridhike na maneno ya muuzaji kwamba mkewe anafahamu, au kwamba mumewe yuko safarini. Ridhaa iwe ya maandishi, na aliyeitoa aonekane kwa macho. Zipo familia zilizonunua nyumba kwa nia njema, kisha zikajikuta zikishitakiwa na mwanamke aliyekuwa akiishi humo na watoto wake bila kuambiwa kwamba nyumba imeuzwa. Katika kesi ya namna hiyo pande zote mbili huumia.

Ikiwa mmiliki amefariki, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa, kaka wa marehemu au mjane hana mamlaka hayo kwa sababu ya undugu pekee. Mnunuzi aombe kuiona barua ya usimamizi, na inafaa pia akutane na warithi ili ajue kama wanakubaliana kuhusu mauzo.

Hatimaye aulize kuhusu madeni. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na malimbikizo yake yanaweza kukwamisha uhamisho wa miliki. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU tangu Agosti 2021, hivyo deni la nyuma linaweza kujitokeza kwenye mita baada ya mnunuzi kuhamia. Bili za maji nazo ziombwe na kuhakikiwa na mamlaka husika.

Mahali nyumba iliposimama

Nyumba inaweza kuwa na hati na bado ikawa mahali pasipofaa. Mnunuzi aanze na mipaka. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni kwenye pembe zake, na mpima ardhi anaweza kuzihakiki kwa vipimo vilivyo kwenye ramani ya hati. Mara nyingi ukuta wa uzio haufuati mpaka halisi. Kuna nyumba ambazo choo chake, au hata chumba kizima, kimeingia katika kiwanja cha jirani.

Hatua ya pili ni hifadhi za barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na barabara za mikoa, na zipo sehemu ambazo hifadhi ni pana kuliko hiyo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Baadhi yake zilikuwa nyumba nzuri, zenye umeme na maji, na waliokuwa wakiishi humo hawakudhani kwamba huduma hizo haziwi kinga. Kwa barabara kuu na za mikoa, swali hili huulizwa TANROADS. Kwa barabara za wilaya huulizwa TARURA.

Vivyo hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na fukwe za maziwa na bahari. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwakumba zaidi wakazi wa mabondeni, na Serikali ikalazimika kuwahamishia baadhi yao Mabwepande. Mlimani nako kuna tahadhari yake: tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliteremka hadi mji wa Katesh na kuleta vifo na uharibifu mkubwa. Mnunuzi aangalie maji ya mvua yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Alama ya tope iliyokauka ukutani, mawe yaliyopangwa mlangoni kama kizuizi, au samani zilizoinuliwa juu ya matofali husema zaidi ya maelezo ya dalali.

Pia aulize, katika ofisi ya Mipango Miji ya Halmashauri, eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani, na iwapo nyumba ilipewa kibali cha ujenzi. Kibali kinaonyesha kwamba ramani ya jengo ilipitiwa na wataalamu. Pasipokuwa na kibali, mnunuzi anarithi kosa la aliyejenga.

Msingi na kuta

Baada ya hapo jengo lenyewe likaguliwe kuanzia chini. Mnunuzi aizunguke nyumba taratibu, akiangalia mahali ukuta unapokutana na ardhi. Udongo uliomomonyoka na kuuacha msingi wazi ni dalili kwamba maji ya paa hayakutengenezewa njia.

Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele, zisizofikia milimita 1, zilizosambaa kwenye lipu, mara nyingi hutokana na lipu kukauka haraka. Nyufa za kuogopwa ni zile zinazokwenda mshazari kutoka pembe za milango na madirisha, zinazofuata maungio ya matofali kama ngazi, au zilizo pana zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ufa unaozidi milimita 5, au unaoonekana ndani na nje ya ukuta mahali pamoja, unaonyesha kwamba sehemu ya msingi imetitia. Katika maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi tatizo hili ni la kawaida, kwa sababu udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na nyumba yenye msingi mfupi hupanda na kushuka pamoja nao.

Ipo njia rahisi ya kujua kama ufa bado unaendelea: kuweka alama kwa penseli kwenye ncha zake, kuandika tarehe pembeni, na kurudi baada ya wiki kadhaa. Ufa uliopita alama bado unakua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unaotokana na msingi hauzibwi kwa lipu. Ukifunikwa tu, hurudi.

Kunyooka kwa ukuta kunaweza kupimwa kwa timazi, au kwa uzi uliofungwa jiwe. Sakafu ipimwe kwa gololi: ikiviringika yenyewe kuelekea upande mmoja katika vyumba vyote, jamvi limetitia upande huo. Milango na madirisha yafunguliwe na kufungwa yote. Mlango uliokwanguliwa juu ili uweze kufunga ni ushahidi kwamba fremu imekwenda upande.

Unyevu nao una lugha yake. Rangi inayobanduka na unga mweupe wa chumvi kwenye sehemu ya chini ya ukuta huonyesha kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, kwa kuwa nyumba haikuwekewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi, au kwa kuwa mchanga wenye chumvi ulitumika. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, au kwenye mita moja ya chini peke yake, inatakiwa iulizwe inaficha nini. Mahali ambapo zege la nguzo au renta limepasuka na nondo zenye kutu kuonekana, mhandisi aitwe kabla ya mazungumzo yoyote ya bei.

Paa, dari na mbao

Paa hukaguliwa kwa njia mbili. Kutoka nje, mnunuzi asimame mbali na kuutazama mstari wa juu wa paa: ukipinda katikati, kenchi zimelegea au mbao zilizotumika ni dhaifu. Kutoka ndani, mtu apande darini na tochi mchana. Matundu ya bati huonekana kama nyota, na mbao zilizowahi kulowa hubaki na madoa meusi.

Unene wa bati hupimwa kwa geji, na hapa wengi hukosea: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba kuliko yote hayo. Karibu na bahari, ambako upepo una chumvi, tofauti hiyo huonekana mapema kwa kutu.

Mchwa ni adui wa kimya. Alama zake ni vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, kwenye fremu za milango na hadi darini. Mbao igongwe kwa mpini wa bisibisi: iliyo nzima hutoa sauti nzito, na iliyoliwa hutoa sauti ya uwazi au hubonyea. Madoa ya kahawia kwenye dari hayaonyeshi daima mahali hasa panapovuja, kwa kuwa maji hufuata papi kabla ya kudondoka, lakini huthibitisha kwamba panavuja.

Nyumba za zamani zinaweza kuwa na paa la vigae vya asbesto. Vumbi lake likivutwa kwa pumzi huleta maradhi makubwa ya mapafu, ikiwemo saratani. Vigae hivyo visikatwe, visitobolewe wala kuvunjwa kienyeji, na gharama ya kuviondoa kwa usalama iingizwe katika hesabu ya mnunuzi.

Umeme

Kasoro za umeme hazionekani, na ndizo zinazoweza kuiteketeza nyumba usiku. Fundi mwenye leseni afungue kisanduku cha swichi kuu na kuangalia kama waya wa ardhi umeunganishwa na unafanya kazi, kama nyaya zinalingana na matumizi, na kama kuna alama za kuungua. Soketi lenye joto, taa zinazofifia pasi ikiwashwa, au nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi ni dalili za kazi mbovu.

Jaribio moja halihitaji fundi. Vifaa vyote vizimwe na kuchomolewa, kisha mita iangaliwe. Ikiendelea kuhesabu, kuna umeme unaopotea mahali, au kuna nyumba nyingine iliyounganishwa kwenye mita hiyo. Mita yenyewe ihakikiwe TANESCO kuhusu deni na jina la mteja.

Maji safi na maji taka

Bomba zote zifunguliwe kwa wakati mmoja. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 2, nyumba inapata lita 10 kwa dakika. Ikichukua dakika 10, inapata lita 2 tu, na familia kubwa itateseka. Baadaye bomba zote zifungwe na mita ya maji isomwe. Ikiwa namba zinasogea, bomba limepasuka ardhini. Majirani waulizwe maji hutoka siku ngapi kwa wiki, maana bomba lililokauka halina tofauti na pambo. Penye kisima, maji yake yapimwe.

Upande wa maji taka, vifuniko vya chemba vifunguliwe huku choo kikivutwa, ili ionekane kama maji yanapita au yanasimama. Shimo la maji taka liulizwe lilinyonywa lini mara ya mwisho, na kama gari la kunyonya linaweza kulifikia. Majani ya kijani kibichi kuzunguka shimo wakati wa kiangazi ni dalili ya kuvuja. Wataalamu wa afya hushauri shimo la choo na kisima vitenganishwe kwa angalau mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Afisa Afya wa kata anaweza kutoa ushauri papo hapo.

Nani akague, na lini

Dalali hulipwa nyumba inapouzwa. Kwa hiyo fundi aliyependekezwa na dalali au muuzaji hafai kuwa jicho la mnunuzi. Mhandisi au fundi mzoefu anayelipwa na mnunuzi mwenyewe, hata kwa siku moja, hugharimu kiasi kidogo kikilinganishwa na thamani ya nyumba.

Nyumba itembelewe zaidi ya mara moja. Ziara ya mchana huonyesha jengo. Ziara ya usiku huonyesha usalama, kelele na mwanga wa mtaa. Na ziara ya wakati wa mvua, au mara baada yake, huonyesha mambo ambayo kiangazi huyaficha. Majirani wazungumzishwe kwa heshima bila muuzaji kuwepo. Wao ndio wanaojua kama kuna mgogoro wa mpaka, kama maji huingia ndani, na kwa nini mpangaji wa mwisho aliondoka.

Kutoka ukaguzi hadi mkataba

Kila kasoro iandikwe, na pembeni yake gharama ya kuirekebisha. Orodha hiyo ina kazi tatu. Kasoro ndogo hubaki kuwa kumbukumbu ya matengenezo. Kasoro za kati, kama vile bati chakavu au nyaya mbovu, hutumika kuomba punguzo, na muuzaji hushindwa kupinga hoja yenye vipimo kuliko malalamiko ya jumla. Kasoro za msingi wa jengo, umiliki wenye mashaka, au nyumba kuwa ndani ya hifadhi, ni sababu ya kuondoka, hata kama bei ni ya kuvutia. Mara nyingi bei huwa ya kuvutia kwa sababu hizo hizo.

Mnunuzi akiridhika, mkataba uandikwe na ushuhudiwe na wakili, ukitaja namba ya kiwanja na kitalu, bei, namna ya malipo, vitu vinavyobaki katika nyumba, na nani anabeba madeni yaliyopo. Malipo yapite benki ili kuwe na kumbukumbu. Kisha maombi ya uhamisho yapelekwe ofisi ya ardhi bila kuchelewa. Kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hukamilika unaposajiliwa. Mkataba uliofungiwa kabatini kwa miaka hauzuii jina la muuzaji kuendelea kusomeka kama mmiliki, wala hauwazuii warithi wake kudai nyumba hiyo siku atakapofariki.

Wananchi wanaokusudia kununua nyumba wanashauriwa kufika katika Idara ya Ardhi na Mipango Miji ya Halmashauri wakiwa na nakala ya hati au maelezo ya mahali nyumba ilipo, na kuuliza kuhusu umiliki, matumizi ya eneo na kibali cha ujenzi. Wafike kabla ya kutoa arbuni. Afisa anayeulizwa mapema anaweza kumwonyesha mwananchi mpaka wa hifadhi kwenye ramani. Anayeulizwa baada ya malipo hubaki kumweleza tu kilichotokea.